Walivyotujaza Upande wa Désiré

Mwezi uliopita nilikabidhi mipira kumi na mmoja, miwili ikiwa imetoboka, pamoja na funguo za stoo ya michezo ya timu ya Juru. Goti langu la kushoto lilikuwa limestaafu kabla yangu. Ninyi makocha vijana mliobaki mliniomba niwaandikie namna ya kuizuia timu inayojaza wachezaji upande mmoja wa uwanja, maana siku hizi kila timu inayotoka Mbarara inakuja na mchezo huo. Nitaandika. Ila sijui kulieleza jambo hilo bila kueleza nilivyojifunza, na nilijifunza kwa kumuumiza mtu mwingine.

Mambo ya kupandishwa cheo nayaacha. Barua zilikuwa mbili, na moja ilikosea jina langu.

Nilipofika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, nikitokea Fizi, Kongo, ofisi ya michezo iliniuliza kama nimewahi kufundisha. Nikasema ndiyo. Hawakuuliza nilifundisha nini. Nilikuwa mwalimu wa hesabu, darasa la nne. Siku ya kwanza nilipewa filimbi na uwanja wenye mteremko, ambao kila asubuhi ng'ombe wa pembe ndefu waliuvuka kwenda kunywa maji ziwani, na hakuna refa aliyethubutu kuwapa kadi. Wachezaji wa Kikongo walikaa karibu na goli la juu. Warundi walikaa chini, karibu na kichuguu. Hawakugombana. Walisalimiana vizuri, halafu kila mmoja akampa mpira mtu wake. Kwa mazoea ya hesabu, nilihesabu: siku hiyo Mkongomani alimpa Mrundi pasi tano, na nne kati ya hizo zilikuwa za bahati mbaya.

Aliyenifundisha kazi ni Afande Katungi, sajenti mstaafu ambaye kwa miaka mingi alifundisha timu za askari pale kambi ya jeshi ya Makenke, Mbarara. Baada ya jeshi alihamia mtaa wa Nyamitanga, akawa anaitwa kuchezesha mechi huku na kule. Siku moja alichezesha yetu. Tulifungwa. Baada ya mchezo akaniita kwa kidole.

"Wewe mwalimu, kuja hapa. Timu yako nacheza kama foleni ya posho. Kila mtu nangoja yake."

Akachukua gunia tupu, akalitandaza chini, akaomba mahindi na maharage kwa mama aliyekuwa akichambua pale pembeni. Mahindi ndiyo sisi, maharage ndiyo wao. Akasukuma mahindi matatu mpaka ukingoni mwa gunia, mbele ya haragwe moja.

"Hapa watu tatu, pale mtu moja. Huyu moja nafanya nini?"

"Anazidiwa, afande."

"Nazidiwa. Anaita wenzake. Wenzake nakuja kusaidia." Akasogeza maharage mengine manne kwenye ukingo ule. Kisha akagusa hindi moja lililobaki upande wa pili wa gunia, peke yake kabisa, bila haragwe karibu. "Sasa hawa watatu ni kelele tu. Mwizi iko kule."

Shikeni hilo kabla hamjasoma zaidi. Anayejaza upande ana njia mbili za kukuumiza. Usipopeleka msaada, atapita palepale kwa wingi wake. Ukipeleka watu wote, ataruhusu mje, halafu atarusha mpira upande mliouacha.

Nilitumia misimu miwili kuifundisha Juru kujaza. Tulijaza kushoto, tukafunga, tukapita timu zilizokuwa zikituchezea. Nikaanza kutembea kifua mbele. Kitu ambacho sikumuuliza afande hata mara moja ni namna ya kuzuia silaha ileile nikielekezewa mimi.

Kisha ikaja nusu fainali na timu ya bodaboda wa Kakoba. Mchezo wa kwanza ulikuwa kwao, Mbarara, na wa marudiano kwetu. Beki wangu wa kulia alikuwa Désiré, Mrundi wa Makamba, mfyatua matofali, mtu wa maneno machache. Mbele yake upande huohuo alicheza winga wangu Bahati, Mkongomani, kinyozi, kipenzi cha mashabiki. Kabla ya mchezo nilimshika Bahati bega nikamwambia, "Usirudi nyuma. Bao letu litatoka kwako." Mashabiki hawakuyasikia maneno hayo.

Kakoba walikuwa wametuangalia wiki moja kabla. Walijua Bahati harudi. Mpira ulipoanza, winga wao wa kushoto akasimama juu ya chokaa ya mstari. Beki wao akapanda nyuma yake. Kiungo wao akaja akakaa katikati yao. Watatu, na Désiré mmoja. Kabla hata hawajagusa mpira mara ya tatu, niliuona mchezo wangu mwenyewe, nimegeuziwa.

Dakika za mwanzo Désiré alirudi nyuma taratibu, akiwachelewesha. Alikuwa sahihi. Mimi sikuvumilia. Nikapiga kelele kutoka kwenye benchi: "Toka! Mfuate mwenye mpira!" Akatii. Mara tu alipotoka, mpira ukapita nyuma yake, krosi, bao. Baadaye kidogo nikarudia kelele ileile, akatii tena, tukafungwa vilevile.

Wakati wa mapumziko alinijia akihema. "Mwalimu, wako watatu. Mimi nishike nani?"

"Shika mwenye mpira. Na uache woga."

Nayaandika maneno hayo kama yalivyotoka. Aliniangalia, akafunga kamba za viatu, akarudi uwanjani. Kipindi cha pili mabeki wangu wa kati na viungo wote walikuwa na hofu ya upande ule, wakakimbilia kumsaidia wote kwa pamoja. Kiungo wa Kakoba akainua kichwa, akaurusha mpira upande wa pili. Kule kulikuwa na mtu wao mmoja, na kipa wangu, basi. Tatu bila.

Tulirudi kwa lori la ndizi, wachezaji na mashabiki pamoja. Mimi nilikaa mbele na dereva, dirisha wazi. Tulipoiacha lami nikasikia sauti huko nyuma, ya shabiki mmoja: "Shemeji yake anaendesha boda kule Kakoba. Muliona? Mabao yote fasi yake. Alikuwa anawafungulia mulango."

Mwingine akasema, "Ule Murundi ameuza mechi."

Désiré alikuwa humo humo, nyuma, amekaa juu ya gurudumu la akiba. Nilijua nani aliyemwambia atoke. Nilijua nani aliyemwambia Bahati asirudi. Ningeweza kumwambia dereva asimame, nikashuka, nikasema sentensi moja. Niliangalia barabara. Nilijiambia kwamba watu wamechoka, kesho watakuwa wamesahau.

Hawakusahau. Jumatatu maneno yalikuwa yamefika kisimani. Jumanne Désiré hakuja mazoezini, nami nilipoulizwa nikasema anaumwa. Jumatano, karibu saa nane mchana, mke wake Espérance alinikuta stoo nikipanga mipira.

"Mwalimu, jana wamekuja wanaume wane," alisema. Hakukaa. "Saa sita ya mchana. Désiré alikuwa kwenye matofali. Waliniuliza bwana yangu alipewa nini Mbarara. Nikasema hajapewa kitu. Mmoja akapiga teke mlango mpaka bawaba ikatoka. Watoto walikuwa ndani wanakula. Wakasema watarudi akiwepo."

"Pole sana, mama. Nitaongea na..."

"Wewe ulikuwepo. Désiré ameniambia ulimwita atoke, ulimwita atoke. Anasema labda hakukuelewa vizuri. Bado anajilaumu yeye. Mimi nakuuliza wewe: kwa nini umenyamaza?"

Niliinamia mipira. Akaondoka.

Nilipanda bodaboda mpaka njia kuu, nikapata gari, nikafika Nyamitanga jua likiwa bado kali. Afande alikuwa akimwagilia kabichi. Nilimsimulia yote, nikitumia maneno mengi na kuzunguka. Aliweka ndoo chini.

"Nani alituma huyu mtu kutoka?"

"Mimi, afande."

"Nani alikataza winga kurudi?"

"Mimi."

"Basi kesi imeisha. Unataka nini kwangu?"

Nilimwomba aje kunisaidia kuongea na watu, maana alikuwa askari na angeheshimiwa. Akakataa. "Mimi siji. Hii ni yako." Lakini alinikalisha kwenye kiti chake cha mbao, akaleta mahindi na maharage, akanifundisha kwa saa mbili jambo ambalo nilipaswa kuliuliza miaka miwili kabla.

Alhamisi jioni, jua likiwa bado juu ya vilima, niliita mkutano uwanjani. Walikuja wengi kuliko wanaokuja kwenye mechi. Wakongomani juu, Warundi chini, kama siku yangu ya kwanza, ila safari hii hawakusalimiana. Désiré alikuja na majirani wawili, na mmoja wao alishika mpini wa jembe usiokuwa na jembe. Wale wanaume wanne walikuwepo pia. Mkubwa wao, Mulonda, muuza samaki, alisimama mbele amekunja mikono. Nilitandaza turubai chini nikapiga magoti juu yake.

Nikapanga mahindi na maharage. Nikawaonyesha bao la kwanza, pole pole. "Hapa Désiré alikuwa anachelewesha. Ndivyo inavyotakiwa. Mimi nikamwambia toka." Nikasogeza hindi. "Angalieni nafasi iliyobaki nyuma yake." La pili, vilevile. La tatu nikaonyesha jinsi wote walivyokimbia upande mmoja kwa sababu sikuwa nimewafundisha nani aende na nani abaki. Nikasema, "Désiré alifanya kila nilichomwamuru. Mechi ile nimeipoteza mimi. Na tangu Jumapili nimekaa kimya, na hilo ni kosa kubwa kuliko mabao."

Mulonda akasema, "Na wewe walikupa?"

Watu wakaguna. Yule mwenye mpini akasogea hatua moja. Wengine wa juu nao wakashuka hatua moja.

Bahati ndiye aliyeongea. Alikuwa amesimama katikati ya mashabiki wake, bado ana taulo la saluni begani.

"Kochi aliniambia nibakie mbele. Hiyo ni kweli," alisema. "Lakini mimi nilimusikia Désiré. Aliniita. *Ngwino! Ngwino!* Mara mingi."

Mtu akamrukia: "Ile ni Kirundi. Ungejua je?"

"Kila mutu hapa Nakivale anajua ngwino ni kuja. Nilisikia. Nikasema moyoni, muache ajitegemee." Akamgeukia Mulonda. "Kama ni kupiga mulango, mukuje kupiga na wangu."

Hakuna aliyepiga makofi. Mulonda alitema mate pembeni, akaondoka, na wawili kati ya wale wanne wakamfuata. Wa nne alibaki akiangalia turubai. Mwenye mpini aliushusha akaufanya mkongojo. Désiré alikuja, akachuchumaa karibu nami, akachukua hindi lake kwenye turubai akalirudisha hatua mbili. "Mimi nafikiri ningesimama hapa," alisema. Ilikuwa sehemu ileile aliyonionyesha afande.

Sasa kazi yenyewe. Tulikuwa na siku tisa.

Kwanza, mwenye mpira hafuatwi na mtu aliyezidiwa. Beki anarudi nyuma kidogo kidogo, mwili wake umekaa kwa pembeni, anamsukuma mwenye mpira kuelekea chokaa. Chokaa ni beki wa bure, haichoki wala hailaumiwi. Kila sekunde anayomchelewesha ni hatua tatu za mwenzake anayekuja kusaidia.

Msaada uwe na majina. Winga anarudi, hilo halina mjadala, na yeye ndiye anayetoka kumkabili mwenye mpira, kwa kuwa ana mtu nyuma yake. Kiungo wa karibu anaziba pasi ya ndani. Beki wa kati anasogea awe nyuma ya beki wa pembeni, lakini haendi mpaka mstarini. Wengine wote wanahama pamoja kuelekea mpira, isipokuwa kwamba beki wa upande wa mbali anakuja ndani nusu tu, jicho moja kwenye mpira, jicho moja kwa mwizi. Na mwenye mpira asipewe nafasi ya kuinua kichwa. Akiinua kichwa, yote niliyoandika hapa hayana maana.

Ili wahame pamoja nilitumia kamba ya katani. Niliwafunga mabeki wanne viunoni, hatua nane kati ya mtu na mtu, nikatembeza mpira kulia na kushoto. Kamba ikikaza, kuna aliyechelewa. Ikilegea mpaka chini, kuna aliyekimbilia kusikomhusu. Siku ya kwanza walianguka wote wanne, mmoja akapoteza jino lililokuwa tayari linalegea, akanishukuru. Siku ya tano walitembea kama kitu kimoja.

Na maneno. Tulikubaliana matatu, yasizidi. Désiré akisema *ngwino*, Bahati anarudi. *Funga* ni kuziba ndani. *Kule* ni mwizi. Bahati alikuja mazoezini kila siku kabla ya Désiré. Hawakuwa marafiki. Walikuwa wakifanya kazi.

Siku ya marudiano watu walisimama mpaka juu ya kichuguu. Upande wetu wa kulia katika kipindi cha kwanza ulikuwa ule wenye mashabiki wa Kikongo, hatua mbili kutoka mstari, na Mulonda alikuwa mbele yao. Niliogopa zaidi ya kule Mbarara. Kosa moja la Désiré lingetosha.

Kakoba walianza palepale. Winga kwenye chokaa, beki akapanda, kiungo akaja. Nikasikia mtu akipiga kelele, "Toka, Murundi, toka!" Désiré hakutoka. Alirudi hatua moja, na nyingine. Nikajiziba mdomo kwa mkono. "Ngwino!" Bahati alishuka mbio kama aliyeibiwa, akamfikia mwenye mpira. Kiungo wetu akaziba. Winga wa Kakoba akatazama huku, akatazama kule, akaupiga mpira nje. Ilikuwa kurusha tu, mpira wa pembeni, na watu wa chini walishangilia kama bao.

Wakajaribu tena na tena. Mara moja walifanikiwa kuurusha upande wa pili, na beki wetu wa mbali, aliyekuwa nusu ndani, aliufikia kwa ncha ya kiatu. Kutoka hapo tukaenda mbele wakiwa wametawanyika, tukafunga. Hilo nalo lijueni: aliyejaza upande mmoja ameacha upande mwingine bila mtu, na mkimnyang'anya mpira mna sekunde chache za kumlipa. Kipindi cha pili Bahati akafunga la pili.

Tulihitaji la tatu ili kusawazisha. Zilibaki dakika kumi. Mashabiki wote, juu na chini, walinililia nimpandishe Désiré. Nilisimama. Nilikaa. Nikampandisha dakika mbili za mwisho, tukapata kona, kichwa cha beki wetu wa kati kikagonga mwamba. Refa akamaliza. Mbili bila, na Kakoba wakaenda fainali kwa tatu kwa mbili.

Watu waliingia uwanjani. Nilikimbia, na goti hili, kuelekea kwa Désiré, kwa sababu nilimwona Mulonda akienda upande huo. Mulonda alisimama mbele yake. Hakuomba radhi. Alisema, "Leo hawakupita," akageuka akaenda zake. Désiré akakaa chini kwenye majani.

Siku iliyofuata nilikwenda kwake na misumari na bawaba mpya. Alikuwa kazini. Espérance alikuwa mlangoni akichambua mchicha. Nilimwambia nimekuja kurekebisha mlango, na kwamba nimekuja kumwomba radhi yeye, maana uwanjani nilikiri kosa mbele ya wanaume tu.

"Nilisikia ulivyosema, mwalimu. Ulisema vizuri," alijibu. Alimaliza fungu moja, akaliweka pembeni. "Lakini zile siku, Jumatatu, Jumanne, Jumatano, nilikaa nazo mimi na watoto. Kila hatua ya mtu pale nje, nilikuwa nasikia ni wao. Wewe ulikuwa unalala."

Nilikuwa nalala, kweli. Nilirekebisha mlango. Ulichukua kama nusu saa, na muda wote huo hakunikaribisha kukaa.

Désiré alicheza upande ule misimu minne zaidi, na sikumbuki timu iliyotufunga tena kwa kutujaza pale. Espérance hakuja uwanjani hata siku moja. Tukikutana sokoni ananisalimia, "Amahoro, mwalimu," yaani amani, nami naitikia, halafu ananiacha nipite.